Kuba ya Ulaya, satelaiti ya utosini: kisa cha gari-nyumba moja la Lubumbashi

Gari ni Fiat Ducato ya kulala watu wanne, ya mitumba kutoka Ubelgiji. Mwenyewe ni mkandarasi wa visima vya maji. Timu yake huondoka Lubumbashi Jumatatu, hulala kwenye eneo la kazi kando ya barabara ya Likasi au Kolwezi, na kurudi mwisho wa wiki. Juu ya paa kulikuwa na kuba nyeupe yenye antena inayojitafutia satelaiti kwa mota. Ndani, televisheni ya inchi 22 ya volti 12. Nyumbani tayari kulikuwa na dekoda ya DStv ya HD na abonema iliyolipwa. Alichotaka kilikuwa kidogo tu: kuichomoa dekoda sebuleni, kuipachika garini, vijana watazame mpira jioni.

Haikuwa hivyo. Kebo ya kuba ilipoingizwa kwenye dekoda na swichi kuwashwa, antena ilinguruma, ikazunguka, ikapanda na kushuka dakika kadhaa, kisha ikajilaza. Skrini ikatoa E48-32, yaani dekoda haipati ishara. Fundi wa kwanza alisema mota imekufa. Wa pili alisema LNB iliyo ndani, yaani kile kichwa kidogo kinachopokea mawimbi mbele ya sahani, ni ya Ulaya, ibadilishwe. Mota iliyokufa haizunguki, kwa hiyo hilo la kwanza halikustahili hata kujibiwa. La pili linasikika vizuri zaidi, lakini LNB ya kawaida ya Ulaya yenye masafa ya ndani ya 9750 na 10600 MHz ndiyo hiyohiyo inayofaa DStv huku kwetu. Kununua nyingine kungekuwa kulipia kitu ambacho tayari kipo.

Kosa lilikuwa kwenye pembe, na karibu kila kosa lililofuata katika kazi hii lilitoka hapohapo.

Mahali satelaiti ilipo

Antena za kuba kama hii hutengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Huko satelaiti ya Astra ya 19.2° Mashariki huonekana katika mwinuko, yaani pembe ya kwenda juu kutoka upeo wa macho, wa takriban digrii 20 kwa watu wa kaskazini hadi digrii 45 kwa walio kusini kabisa. Kikomo cha juu cha mota hupangwa kikiwa na nafasi kidogo juu ya hapo, basi. Programu ya ndani nayo ina orodha ya satelaiti inazozitambua, na isipokuta utambulisho wa mojawapo hurudi kujilaza, hata ikiwa imepita mbele ya satelaiti nzima yenye nguvu.

DStv ya Afrika kusini mwa Sahara hurushwa kutoka 36° Mashariki. Lubumbashi iko karibu na 11.7° Kusini na 27.5° Mashariki. Ukipiga hesabu unapata mwelekeo wa digrii 36 hadi 37 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na mwinuko wa digrii 73. Sabini na tatu! Satelaiti iko karibu na utosi. Kuba ya Ulaya haiwezi kuinua shingo kiasi hicho, na hata ingeweza, kisahani chake kidogo cha ndani kisingestahimili mvua ya Desemba. Watengenezaji wengine huruhusu kuongeza satelaiti kwenye orodha kwa kompyuta. Orodha inabadilishika, kikomo cha chuma hakibadilishiki.

Uamuzi ulikuwa kuiacha kuba na kuweka parabole (dishi) ya sentimita 80 kwenye stendi ya miguu mitatu, chini, kando ya gari. Mwenye gari hakufurahi. Alitaka kitu cha paani, kisichohitaji mtu kushuka. Ila hesabu iko wazi: parabole ya sentimita 80 katika masafa haya ina mwali wenye upana wa digrii 2 na kidogo. Ukikosea kwa digrii 1 tu kutoka katikati umeshapoteza karibu nusu ya nguvu. Gari lililoegeshwa kwenye mteremko wa digrii 3, na barabara za machimbo zina miteremko mikubwa kuliko huo, tayari limeipeleka parabole ya paani nje ya satelaiti. Kisha watu wanne wakipanda na kushuka kitandani, springi zinacheza, picha inaganda. Stendi ya chini haijali nani amegeuka usingizini.

Kuna swali lililoulizwa mapema na linastahili jibu: kwa nini si Canal+, ambayo watu wengi mjini wanayo? Canal+ ya Afrika iko 22° Magharibi. Kutoka Lubumbashi hiyo ni mwelekeo wa digrii 280, karibu magharibi kabisa, na mwinuko wa digrii 32 tu. Mti wa mita 10 juu ya usawa wa parabole utaziba satelaiti hiyo ukiwa ndani ya mita 16 upande wa magharibi. Kwa satelaiti ya 36°, mti huohuo unasumbua ukiwa ndani ya mita 3. Kwa gari linaloegeshwa msituni, kati ya miombo na vichuguu virefu kuliko mtu, au ndani ya parseli yenye ukuta pande zote, tofauti hiyo ina thamani kuliko orodha ya chaneli. Anayetaka Canal+ ataipata, lakini kila jioni atatafuta uwazi wa magharibi kwanza, ndipo aegeshe.

Vifaa

Parabole ya sentimita 80 pamoja na mkono na kishikio chake. LNB moja ya kawaida, ya tundu moja. Stendi ya chuma yenye nguzo inayolingana na kishikio. Pima kipenyo dukani, usikadirie, kwa sababu kishikio kikilegea kwenye nguzo kazi yote inayofuata ni bure. Kebo ya antena ya RG6 mita 15 yenye waya wa shaba katikati. Konekta za F za kubana nne, mbili za akiba. Pimamaji ndogo, dira au simu, spana mbili za namba 10 na 13, multimeta. Mfuko mtupu wa kujaza mchanga, wa kilo 20 hivi, wa kuning'iniza katikati ya stendi.

Kebo nyembamba iliyopita ndani ya kuta za gari kutoka kwenye kuba haikutumika. Gari hili, kama mengi ya Ulaya, lina kidirisha ubavuni cha kuunganishia vitu vya nje, na ndani yake tundu la antena linalotokea kabatini karibu na televisheni. RG6 iliingilia hapo.

Konekta ya F ndiyo inayoharibu jioni nyingi, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Waya wa katikati utokeze milimita 2 hadi 3 kupita ukingo wa konekta. Ukiwa mfupi haugusi ndani ya tundu. Nyuzi za wavu wa nje zikunjwe nyuma zote. Uzi mmoja mwembamba kama unywele ukigusa waya wa katikati, volti za LNB zinaunganika moja kwa moja na dekoda inalalamika au inazima mlango wake. Kabla ya kuunganisha chochote, weka multimeta kwenye ukinzani, ncha moja katikati na nyingine kwenye gamba, upande wa pili wa kebo ukiwa hauna kitu. Isisome chochote. Ikisoma karibu na sifuri, kata na ufunge upya. Na dekoda izimwe kabisa kila unapofungua au kufunga konekta.

Mwinuko kwanza

Hapa ndipo mafundi wazuri wa nyumba hupotea wakifanya kazi na stendi. Wanainua parabole kwa makadirio, kisha wanaizungusha kushoto na kulia nusu saa nzima, wakiamini kwamba dira ndiyo siri. Kwa satelaiti iliyo digrii 73 juu ni kinyume chake. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 5, kosa halisi angani ni kama digrii 1.5 tu, kwa sababu uko karibu na utosi na duara unalozunguka ni dogo. Ukikosea mwinuko kwa digrii 5, umekosea digrii 5 kamili. Unaweza kuzunguka mpaka asubuhi. Kwa hiyo dira ya kukadiria inatosha, mwinuko ndio unaodai usahihi, na mwinuko hauna maana kama nguzo haijasimama wima.

Nguzo ilipimwa kwa pimamaji pande mbili zilizopishana kwa pembe mraba, miguu ikirekebishwa mpaka povu likae katikati kote kuwili. Kisha likaja tatizo ambalo halikutarajiwa: kishikio cha parabole iliyonunuliwa kilikuwa na mizani hadi 65 na tundu la bolti liliishia hapo. Haikuwezekana kufika 73. Vishikio vya namna hii vipo vingi sokoni, vimetengenezwa kwa nchi ambako satelaiti iko chini, na muuzaji hajui wala hajali. Usikubali kukata chuma. Ilaze nguzo nzima nyuma kwa digrii 10: ukiinua mguu wa stendi unaotazama satelaiti kwa sentimita 14, na umbali kutoka mguu huo hadi mstari wa miguu miwili ya nyuma ukiwa sentimita 80, nguzo inalala takriban digrii 10. Matofali yanatosha, mradi yasicheze. Kisha mizani inawekwa 63, na 63 na 10 ni 73. Ubaya wa njia hii ni kwamba stendi yote sasa ina mbele na nyuma. Mguu ulioinuliwa lazima utazame mwelekeo wa 36 tangu mwanzo, na huwezi kuzungusha parabole kwenye nguzo zaidi ya kiasi kidogo bila kuharibu mwinuko. Baada ya wiki moja kishikio kilibadilishwa kwa kingine kinachofika 90, na matofali yakaachwa. Ukiwa dukani, soma mizani kabla ya kulipa.

Wanaopima kwa simu waangalie jambo moja. Parabole za kawaida hazitazami pale uso wao unapotazama. Zina tofauti ya takriban digrii 24, inayobadilika kidogo kwa kila mtengenezaji. Ili kupokea kutoka mwinuko wa 73, uso wa parabole unalala nyuma digrii 49 hivi kutoka wima. Anayeweka simu kwenye ukingo wa parabole na kuisukuma mpaka isome 73 ameipeleka mbali kabisa na satelaiti.

Kisha dira. Simama mita 5 mbali na gari. Chuma cha gari kinaivuta sindano kuliko unavyodhani. Chagua alama mbali, mti au nguzo ya umeme, kwenye digrii 36, rudi kwenye stendi, elekeza huko. Dekoda iwe kwenye ukurasa wa ishara, na mtu mmoja akae ndani akisoma kwa sauti.

Nguvu iko, ubora hauko

Mtu wa ndani alipaza sauti mara ya kwanza: "Nguvu sitini na tano!" Wote wakachangamka. Lakini mstari wa nguvu hupanda mara tu LNB inapopata umeme, hata parabole ikitazama ukuta, kwa sababu LNB yenyewe ina kelele. Mstari unaosema kweli ni wa ubora. Ulikuwa sifuri.

Parabole ilizungushwa taratibu kati ya digrii 20 na 55, kwa hatua ndogo, na kusubiri sekunde 4 au 5 kila hatua kwa kuwa dekoda inahitaji muda wa kushika. Hakuna kitu. Mwinuko ukaongezwa digrii 1, ukarudiwa mzunguko. Ubora ukaruka hadi 30, ukakaa hapo. Chaneli chache zilifunguka, nyingine zikaandika hakuna ishara, na kila marekebisho ya pembe hayakuongeza chochote.

Sababu ilikuwa LNB. Ilikuwa imefungwa kwenye mkono ikiwa imesimama wima, alama ya sifuri juu, kama ilivyotoka kwenye boksi. Mawimbi ya DStv ya 36° ni ya mlalo na wima, lakini wima ya satelaiti si wima ya Lubumbashi. Kutoka hapa mawimbi hayo yanafika yamelala takriban digrii 36. LNB ikibaki kwenye sifuri inapokea mlalo na wima vikiwa vimechanganyika, theluthi mbili kwa theluthi moja hivi, na dekoda haiwezi kuvitenganisha. Simama nyuma ya parabole ukitazama kule inakotazama, legeza skrubu ya LNB, izungushe kufuata mwendo wa saa hadi 36 hivi, halafu cheza digrii 3 au 4 pande zote huku mtu akisoma ubora. Ulipanda kutoka 30 hadi 80. Baada ya hapo mwinuko na mwelekeo vikanyooshwa tena kidogo kidogo, bolti zikabanwa kwa kupokezana, na ubora ukasomwa tena baada ya kubana, kwa sababu bolti ya mwisho mara nyingi huivuta parabole.

Kipimo kidogo cha sindano cha kuunganisha katikati ya kebo kilikuwepo na hakikusaidia. Kinaruka kwa satelaiti yoyote. Mwenye nacho akitumie kukaribia tu, kisha akiondoe.

Picha ilipotokea, dekoda iliandika E16 kwenye chaneli zilizolipiwa. Hiyo ni habari ya abonema, si ya parabole, na mtu asiguse bolti. Dekoda iliyokaa siku nyingi bila ishara inahitaji kuidhinishwa upya. Iliachwa ikiwaka kwenye chaneli mojawapo huku maombi ya kuondoa kosa yakitumwa, na ikafunguka.

Umeme wa gari

Jioni ya kwanza kazini dekoda ilijizima na kujiwasha mara nne. Kila mara ilikuwa mtu amefungua bomba. Pampu ya maji, televisheni na dekoda vilikuwa kwenye waya mmoja mwembamba wa milimita 0.75 mraba kutoka kwenye betri ya nyumba, ile ya sehemu ya kuishi garini. Televisheni na dekoda pamoja zinakula takriban wati 42, yaani ampea 3.5. Kwa waya huo, mita 5 kwenda na 5 kurudi, volti 0.8 na zaidi zinapotea njiani kabla ya pampu kuamka. Pampu ikivuta ampea zake, dekoda inaona chini ya volti 11 na kuanza upya.

Waya mpya wa milimita 2.5 mraba ulivutwa kutoka betri hadi kabatini kwa ajili ya televisheni na dekoda peke yake, na fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri. Upotevu ukashuka hadi robo ya volti. Katikati kikawekwa kirekebishaji kinachopokea volti 9 hadi 36 na kutoa 12 tulivu, kwa sababu injini ikiwaka betri inafika volti 14.4, na adapta ya ukutani ya dekoda hii inasema 12, si 14.4. Soma kibandiko cha dekoda yako. Volti, ampea, na alama ya chanya katikati au nje ya plagi.

Betri ya 100 Ah, ukijizuia kutumia nusu yake, inatoa saa 14 za kutazama. Inveta haikuhitajika. Kupandisha 12 hadi 220 ili adapta iishushe tena hadi 12 ni kupoteza umeme mara mbili.

Njiani

Jambo la kufurahisha katika njia hii ni kwamba mwinuko karibu haubadiliki. Kasumbalesa ni 73, Likasi ni 73, Kolwezi ni 72. Kinachobadilika ni mwelekeo: 34 Kasumbalesa, 36.5 Lubumbashi, 41 Likasi, 45 Kolwezi. Na mzunguko wa LNB unafuata karibu namba zilezile: 33, 36, 40, 44. Kwa hiyo bolti ya mwinuko ilibanwa mara moja na kupakwa rangi, ili ikisogea safarini ionekane. Kwenye LNB zilichorwa alama nne kwa kalamu ya wino usiofutika. Dereva akifika anasimamisha nguzo kwa pimamaji, anaelekeza, anazungusha LNB hadi alama ya mji, basi. Tofauti ya digrii 8 kati ya Lubumbashi na Kolwezi haiui picha, lakini siku ya mawingu mazito inahesabika.

Namba hizi zisipelekwe mbali. Goma, kwa satelaiti hiyohiyo, mwinuko ni karibu 82, mwelekeo 76, na LNB inalala 76 vilevile.

Mvua kubwa itakata picha dakika kumi na itarudi yenyewe. Mtu asitoke na spana. Radi ikianza kukaribia, kebo ichomolewe kidirishani, isibaki kwenye dekoda.

Kuba ilibaki na hatima yake. Mwenye gari alitaka ing'olewe ili auze, na aliyeing'oa alikuta matundu manne ya skrubu na moja kubwa la kebo. Silikoni ya bafuni haidumu kwenye paa linalopanuka juani Oktoba na kupoa usiku. Tumia gundi ya poliurethani ya magari, safisha paa kwa spiriti kwanza, funika tundu kubwa kwa kipande cha alumini kinachozidi ukingo sentimita 3 kila upande, paka gundi chini yake na juu ya kila skrubu. Kisha mwaga ndoo ya maji juu na mtu akae ndani akitazama dari. Kazi hii imalizike kabla ya Novemba.